Lipo, Liko, Limo

Siku za wiki nafundisha Kiswahili kidato cha pili, Njoro.
Kuna somo moja wanafunzi hulichukia:
-po ya mahali unapopaonyesha kwa kidole,
-ko ya huko, kokote, kusikoonekana,
-mo ya ndani.
"Yote si ni kuwa tu, mwalimu?" aliuliza Nasipondi.
Nikamwambia ipo siku utaiona tofauti.
Sikujua nasema na nafsi yangu.

Jumapili hukaa chini ya turubai, uwanja wa pikipiki,
nimeipa Menengai mgongo,
kalamu kwenye uzi, fomu kwenye ubao.
Vumbi la pale ni jepesi kama unga wa muhogo,
hutua kwenye kope, huingia kwenye chai.
Nilikagua kofia, nikabonyeza sponji kwa kidole gumba.
Kibandiko cha ubora nilikiona;
kimechapishwa wapi, sikuuliza.
Matairi ya kona yalikuwa kumi na moja.
Fomu ilitaka arobaini.
"Andika yapo," alisema mwenyekiti Gathirwa. "Kwani hayapo?"
Yalikuwapo.

Gari la wagonjwa: nikaandika lipo.
Na lilikuwapo, haki ya Mungu,
milango wazi, dereva Ondiege akitafuna mahindi ya kuchoma,
soksi zake zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni.

Raundi ya pili kijana wa Molo alivunjika mtulinga.
Ondiege akampakia. King'ora kikashuka barabara ya Solai,
kikafifia.
Hakuna aliyepuliza filimbi.
Wino wangu haukubadilika:
lipo.

Kimosop, nambari thelathini na moja,
alikiruka kilima cha nne vizuri. Nataka hilo liandikwe mahali.
Aliruka vizuri.
Aliyemtangulia ndiye aliyeanguka upande wa pili,
bondeni, asikoonekana,
na bendera ya manjano ilikuwa mkononi mwa mtoto
wa miaka kumi na minne, aliyeahidiwa soda.
Alitua juu ya pikipiki iliyolala.

Tukapiga simu: gari liko wapi?
Isikie hiyo -ko.
Liko mtaa wa Seksheni, relini, garimoshi la mizigo linapita.
Mabehewa thelathini na sita. Ondiege aliyahesabu,
hadi leo ukimwamsha usiku atakutajia.
Jebichii, dada yake Kimosop, alikuwa amemfunulia kioo cha kofia,
akimpepea kwa karatasi ya ratiba
yenye jina lake.
Gari lilipofika, Ondiege hakukimbia.
Alishuka taratibu, na hapo tukajua.
Fomu haina mahali pa kuandika hayupo.

Kamati ilikaa. Tulikunywa chai ya tangawizi
tukakubaliana kwamba ajali haina kinga.
Methali hiyo nimeifundisha miaka tisa,
ila siku ile niliiogopa:
ilitukaa vizuri mno,
kama koti la kuazima ambalo mwenyewe halidai.

Sasa nimeongeza safu moja kwenye fomu. Saa.
Kila raundi nauliza redioni: lipo?
Jumapili iliyopita jibu likaja likikwaruza:
liko petroli, mwalimu, dakika tano tu.
Nikainua bendera nyekundu.

Umati ulizomea. Chupa ilinipata begani.
Aliyekuwa akiongoza alinijia hadi mezani, injini ikinguruma,
akaing'oa kofia kichwani
akanitukana mimi, na mama yangu, na shule yangu,
kwa lugha tatu,
na Kiswahili chake kilijaa makosa ya ngeli.

Sikumsahihisha.
Nilimtazama tu, jasho na vumbi:
kichwa kipo, kimekaa shingoni,
meno yamo, ulimi umo,
matusi yamo tele,
na mengine yanakuja.